Pembe ya Mzee Maganga

Upande huu wa Ushirombo, ukielekea Katoro, Maganga aliheshimiwa kwa vitu viwili: mbwa wake aitwaye Watasema, na pembe ya tandala aliyorithi kwa baba yake. Viazi vyake havikuwa vya kusifiwa, na paa lake lilivuja. Mkewe Eufrasia alizoea kusema kwamba kama sifa zingeweza kuezeka nyumba, wao wangelala pakavu kuliko watu wote wa kitongoji.

Pembe ile ndiyo iliyokuwa sheria ya msako. Nungunungu wakivamia mashamba, kila mwenye mbwa alikuja na wake akiwa na kamba shingoni, na kamba zikishafunguliwa mbwa hawakuwa wa mtu tena, walikuwa wa mwenye pembe. Yeye alifuata nyuma akisikiliza. Akipuliza kwa mfululizo mfupimfupi, mbwa walijua wamalize. Akipuliza mara moja kwa kuvuta, walijua warudi. Wakiharibu cha mtu, yeye ndiye aliyejibu, na yeye ndiye aliyetaja mbwa mwenye kosa. Mbwa aliyeua mnyama wa nyumbani hakuachwa hai, na mwenye mbwa ndiye aliyemuua, kwa mkono wake.

Zamani kati ya mashamba na nyumba palikuwa na pori la kutosha. Kisha dhahabu ikaleta watu, watu wakaleta matofali, pori likakatwa viwanja, na msako ukawa unapita uani kwa watu. Kila mtu aliliona hilo. Maganga aliliona kabla ya wengine, akanyamaza, kwa sababu sifa ni tamu na hakuna anayetema kitamu kwa hiari yake.

Nyumba ya mwisho kabisa ilikuwa ya Mwamvua, muuza vitenge aliyehamia kutoka Katoro na binti yake Raudha. Mtoto alikuwa na paka wa rangi ya majivu, jina lake Sukari, na walilala kitanda kimoja mama apende asipende. Mara ya kwanza mbwa walipopita pale Raudha alilia mpaka akapaliwa. Maganga alichuchumaa mlangoni, akapuliza pembe kwa kuvuta, na Watasema akaja mbio akalala miguuni pake.

"Ukisikia hii, mjukuu wangu, usiogope," alimwambia. "Ujue babu yupo."

Tangu hapo mtoto alikuwa akimngoja mlangoni apite ili amwamkie.

Asubuhi moja ikaonekana nungunungu wamefukua shamba la Donatus, mwenyekiti wa kitongoji. Watu wakakusanyika, mbwa wakafunguliwa, wakashika harufu, wakateremka mpaka wakapotelea nyuma ya nyumba ya Mwamvua. Maganga akawasikia wanabweka wakizunguka mahali pamoja na kukwaruza, mlio uleule wa nungunungu aliyejichimbia shimoni. Hakuwaona. Desturi ilimtaka afike aone kwa macho yake kabla ya kupuliza, na alijua vizuri kwamba kule kuna nyumba. Lakini magoti yalimuuma, vijana walikuwa wanamtazama, na tangu lini Maganga akakosea mlio? Akapuliza kwa mfululizo mfupimfupi.

Alipofika alimkuta Watasema na mbwa wa mchimbaji mmoja, Kalisti, kando ya rundo la matofali, wote wana damu mdomoni, na katikati yao kile kilichobaki cha Sukari. Raudha alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa analia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Watu walipotangulia kwenda kwa Donatus, Maganga aliinama akamfuta Watasema mdomo kwa upindo wa shati.

Uani kwa Donatus wapo waliosema paka ni paka tu, na kosa ni la aliyejenga kwenye njia ya mbwa. Donatus aliwakatiza, akamwambia mwenye pembe ataje. Macho yote yalikuwa tayari kwa Kalisti, mgeni ambaye hakuwa na ndugu pale wala nyumba, ila turubai na huyo mbwa aliyelala naye chini yake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

"Ni wa Kalisti," Maganga alisema.

Kalisti alimtazama. "Sawa, mzee," akajibu. Akateremka bondeni na mbwa wake na panga, akarudi na kamba tupu. Watu wakaiita haki, kama wanavyoiita kila inapomwangukia mwingine.

Jioni Maganga alikwenda kwa Mwamvua na kuku kwapani. Mwamvua alimpokea vizuri, akamtilia chai, akasema aliyekufa harudi, lakini mtoto akijua mwenye kosa ameadhibiwa huenda akala. Akamwita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mama akamwambia babu amekuja kutoa pole, na yule mbwa mbaya ameuawa. Raudha alikuwa anaitazama pembe.

"Sukari alikuwa ndani ya matofali," alisema. "Walikwaruza, hawakumfikia. Nikasikia pembe, nikajua babu upo. Nikamwita, Sukari, toka, babu amekuja. Akatoka." Akamgeukia. "Mbona hawakulala chini?"

Majibu yalikuwepo, na yote yalimjia haraka: kwamba upepo ulichukua sauti, kwamba mbwa wa Kalisti alikuwa jeuri. Maganga aliona upindo wa shati lake, umekauka na kuwa mweusi. Aliona haya kama ambavyo hakuwahi kuona maishani mwake.

"Kwa sababu sikuwaita," alisema. "Niliwatuma wamalize."

Mtoto alirudi nyuma mpaka akawa mgongoni kwa mama yake. Mwamvua alimwokota kuku, akamrudishia.

Kutoka hapo Maganga alikwenda kwenye turubai la Kalisti, akamweleza yote, pembe na shati, bila kujipunguzia kosa. Kalisti alikuwa anaviringisha ile kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuona ukimfuta, mzee," alisema. "Lakini ningesema, nani angenisikiliza?"

Maganga alifika kwake giza likiingia. Akamwomba Eufrasia panga, naye akampa akidhani ni la kumchinjia kuku. Watasema alisikia hatua zake, akaja mbio akitikisa mkia, akalala miguuni pake bila kuitwa.