Jina la Tatu

Nilitoka Madogo mwezi wa saba, 1998, kwa sababu ya neno moja ambalo sikuwa na hakika kama nililitamka. Mimi ni nesi. Wakati wa mafuriko ya mwaka uliotangulia nilipelekwa Garsen, kwenye kambi ya waliokimbia maji, na huko mama mmoja wa Golbanti, Esta, aliniletea mtoto aliyekuwa anakata roho. Mchungaji asingeweza kufika. Barabara zote zilikuwa mto. "Sista, mbatize wewe," aliniambia. Nilichota maji kwa kiganja nikaanza: kwa jina la Baba, na la Mwana... Nyuma yangu mgonjwa mwingine akashikwa na degedege, nikamkimbilia. Niliporudi, mtoto alikuwa amefariki.

Je, nilimtaja Roho Mtakatifu? Miezi minane swali hilo halikuniacha. Mchungaji wetu wa Madogo alijaribu kunituliza. "Mungu hamkatai mtoto kwa neno moja."

"Basi kwa nini tunayataja majina yote matatu?"

Alianza kunieleza jinsi Baba, Mwana na Roho walivyo Mungu mmoja asiyegawanyika, akasita, akasema hilo ni fumbo. Wiki hiyohiyo niliomba ruhusa kazini.

Saa kumi na mbili asubuhi basi liliondoka. Hola tulikaa muda mrefu tukingoja askari wa kusindikiza msafara, kwa hofu ya majambazi wa njiani. Wenzangu walishuka kunywa chai. Mimi nilizunguka basi nikirudia maneno yale kwa sauti ya chini, kila mara nikikwama palepale.

Garsen tulifika alasiri. Nikingoja gari la Tarasaa, nilinunua maziwa kwa mama mmoja Mwislamu wa Kiorma. Aliniuliza nakwenda wapi, nikajikuta nimemweleza yote.

"Mtoto mdogo hana dhambi," alisema. "Na Mungu ni mmoja. Majina matatu ya nini?"

Nilikunywa hadi mwisho. Akaniongezea maziwa kikombeni, asiniulize tena.

Nililala Tarasaa. Asubuhi nilitembea hadi Golbanti, nikamkuta Esta akipalilia mahindi ukingoni mwa mto, kwenye udongo mweusi ulioachwa na mafuriko. Alinitambua mara moja, akanikumbatia. Sikungoja hata kukaa, nilimwambia kilichonileta.

Alirudi kupalilia, akamaliza mstari mzima kabla ya kuinuka.

"Umetoka Madogo kwa ajili ya neno hilo?"

"Ndiyo, dada."

"Mwanangu aliitwa nani?"

Siku ile nililitaja jina lake, na sasa nilikuwa nimelisahau. Miezi minane nimehangaikia jina la Mungu, na la mtoto sikuwa nalo.

"Dhadho," alisema kwa hasira. "Anaitwa Dhadho. Hujaniuliza hata amezikwa wapi." Akatupa jembe, akaondoka.

Nilikwenda nyumbani kwake, mama mkwe wake akanipa wali na samaki, akanihimiza nile. Jioni Esta alirudi, akaketi karibu yangu.

"Mimi pia sikusikia ulisema nini," alisema. "Nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Kesho twende Garsen. Tangu nimzike sijarudi pale."

Kesho yake tulifika kwenye mwinuko nyuma ya ile kambi. Makaburi yalikuwa mengi, madogo, bila alama. Esta alipita, akarudi, akapita tena, nami nikaanza kuogopa kwamba hatutaliona. Mwishowe akasimama.

"Ni hapa. Malizia."

"Dada, marehemu habatizwi."

"Sijasema umbatize. Uliyaanza maneno ukamwacha nayo. Malizia."

Nilipiga magoti nikaanza upya: Dhadho, kwa jina la Baba, na la Mwana. Hapo nikakwama tena. Esta akanishika bega, tukalisema pamoja la tatu. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza mbele yangu, nami nikakaa naye mpaka aliponyamaza.

Nilirudi Madogo kwa basi la siku iliyofuata. Jinsi watatu walivyo mmoja bado siwezi kueleza, na ziko siku swali hilo linanisumbua kama zamani. Lakini niligundua kuwa nilikuwa nikimwogopa Mungu kama mkaguzi apekuaye faili, huku mama wa mtoto nikimsahau. Siku hizi, hata zahanati ijae vipi, simgusi mtoto kabla sijaambiwa jina lake. Nalitamka kwanza, ndipo naanza kazi.