Majani ya Barabara ya Wajir

Wakati wa vita vya mashifta tulihamishiwa kijiji kilichozungushiwa seng'enge nje ya Garissa, kando ya barabara ya Wajir. Nilikuwa bado bibi harusi. Kazi tuliyopewa wanawake ilikuwa kufagia barabara.

Kiangazi kile vichaka vilipukutika vikabaki miiba mitupu, na upepo ukayalaza majani kwenye njia za magurudumu. Chini yake mtu angeweza kufukia bomu lisionekane. Basi kila asubuhi, kabla magari hayajapita, tulitangulia tukifagia kwa matawi, askari wakifuata nyuma na bunduki zao.

"Nataka mchanga mtupu!" sajini alifoka. "Pakichimbwa nipaone."

Mama mkwe wangu alifagia kando yangu. Nikimpita kidogo, alinivuta nguo. "Nyuma yangu, hooyo," alininong'oneza kwa Kisomali. Hooyo ni mama, na mama naye humwita hivyo mwanawe. "Mimi nimeshazaa."

Mwanawe, mume wangu, alikuwa utingo wa lori lililopeleka unga na sukari Eldas. Likirudi halikuruhusiwa kusimama kijijini, kwa hiyo alinirushia tende kutoka juu ya mizigo, huku akicheka.

Siku moja, tulipokwisha kufagia, ukavuma upepo. Kufikia adhuhuri barabara ilikuwa imefunikwa tena. Mama mkwe akamwendea askari wa langoni na Kiswahili chake cha sokoni.

"Bwana, majani imerudi. Fungua, tufagie. Leo lori inatoka Eldas."

"Mmeshafagia, mama. Rudi ndani."

"Mtoto yangu iko juu ya hiyo lori."

"Nimesema rudi."

Hakurudi. Aliketi palepale mchangani. Baada ya alasiri tukasikia mshindo, ukatikisa mabati ya kituo cha askari. Moshi ulipanda upande wa kule lilikokuwa likitoka lori. Nilipiga mayowe. Yeye alisema tu, "Inna lillahi," akajifunika uso kwa shuka.

Wanaume wachache waliruhusiwa kwenda kumzika, kabla ya saa ya kafyu. Sisi hatukuruhusiwa.

Asubuhi tukaamriwa kufagia kama kawaida. Tulipofika mahali penyewe, mchanga ulikuwa mweusi. Mama mkwe aliweka tawi chini, akapiga magoti, akayaokota majani kwa mkono, moja moja. Sajini akamkaribia.

"Usikanyage hapa," mama mkwe alimwambia.

Sajini alimtazama, kisha akazunguka kwa pembeni, na askari wake wote wakazunguka.

Nilipomaliza eda mama mkwe alinifungia nguo zangu, akaniombea kibali cha kurudi kwa baba yangu. "Olewa, hooyo. Usikae hapa kunitazama nikilia."

Nilikwenda. Vita vilipokwisha nilirudi kumtafuta. Kijiji kilikuwa kimevunjwa, watu wametawanyika malishoni. Mtu mmoja alisema amehamia Kotile kwa nduguze. Nilikwenda Kotile nikauliza boma kwa boma. Hakuna aliyewahi kumwona.