Zulia la Babu na Mstari wa Chaki

Simu ilitoka Jego: mama mkubwa Mwanajuma ameamua kulikata vipande viwili zulia la Kiajemi la babu. Babu alikuwa baharia, na kila bibi harusi wa ukoo wetu hutolewa nje, yaani huonyeshwa kwa wageni, akiwa amekaa juu ya zulia hilo. Sasa binti zake mama mkubwa, Rehema na Zuhura, kila mmoja analitaka, na hawasemezani. Mimi kazi yangu ni kutengeneza mazulia yaliyoharibika hapa Ukunda. Nilikasirika, nikafunga mkoba.

Asubuhi niliondoka mapema. Msambweni nilishuka kununua halua, maana kwa mama mkubwa hakuendwi mikono mitupu. Kutoka Lunga Lunga nilichukua bodaboda, na njia nzima nilipanga maneno. Sikuwa na shaka kwamba ningeshinda.

Jego nilikuta zulia limetandazwa sebuleni, limepigwa mstari wa chaki katikati. Mkasi ulikuwa tayari.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Usinisemeshe sana. Nimechoka na hawa."

Nililipindua zulia. Upande wa chini mafundo yote huonekana, moja moja, yalivyofungwa kwa vidole. Nilimwambia kwamba akikata, mafundo ya ukingoni yatafumuka na maua yataharibika.

"Mimi sijali uzi," alinijibu. "Najali wanangu."

Nikawa napapasa tu mafundo, na vidole vikatambua kabla ya macho: kushoto yamekazwa, kulia yamelegea kidogo. Niliwaita mabinti wapapase nao. Niliwaeleza kwamba zulia kubwa hufumwa na wanawake waliokaa bega kwa bega kwenye ubao mmoja, kila mmoja upande wake, na ua la katikati hulimaliza pamoja. Hili lilifumwa na wawili.

"Huyu wa kushoto mkali," alisema Zuhura. "Kama dada."

Rehema alicheka bila kutaka. "Na huyu mvivu wa kulia namjua."

Mama mkubwa aliufungia mkasi kabatini, akawapa kitambaa cha maji wafute chaki.

Alasiri nilianza kurudi. Nilikuwa nimekuja kuokoa sufu, na nilikaribia kushindwa kwa kuzungumza habari za sufu peke yake. Zuhura alinisindikiza hadi barabarani. Nilimwuliza kama ameridhika kuikosa nusu yake.

"Nusu ya nini?" alisema. "Mimi nalitaka lote, na dada analitaka lote, basi libaki zima, letu sote wawili. Ndivyo tulivyokubaliana."