Uzi Mwekundu wa Bibi Lea

Nilipokuwa mtoto, nilimwombea mtu mzima kifo kila siku kabla ya kula, na nilimwombea kwa Kiebrania, maana niliamini lugha ile inafika haraka zaidi. Maneno yenyewe niliyajua machache, tena mengi yalikuwa ya kubariki mkate. Kwa hiyo nilibariki mkate na kumlaani Mzee Ezra kwa pumzi moja, kisha nikala nikashiba.

Kwetu ni juu ya Ihanda, katikati ya mashamba ya kahawa na mahindi, na sisi tulikuwa Wayahudi. Najua unacheka. Majirani zetu Wamoraviani walicheka kabla yako. Walituita Wasabato waliomsahau Yesu njiani. Babu yangu alikwenda Zambia ujanani, akafanya kazi miaka mingi kwenye duka la Myahudi mmoja katika miji ya shaba, akarudi na Sabato, sala chache na msimamo mkali juu ya nyama ya nguruwe. Ndugu na baadhi ya majirani wakamfuata. Tukawa kaya chache zenye chumba kimoja cha kusalia, cha matofali ya kuchoma. Msimu wa kahawa, Ijumaa ilikuwa adhabu: kahawa iliyochumwa ilipaswa kupita mashineni siku hiyohiyo, na jua likizama mikono yote iwe imetulia. Wengine wakiendelea kuchuma Jumamosi, sisi tulikaa tukiitazama yetu ikiivia mitini.

Babu alirudi na jambo lingine pia. Mama mkwe wa tajiri wake, bikizee aliyezaliwa nchi za baridi, alimfundisha namna ya kumlinda mzazi na mtoto mchanga: uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, na ukutani karatasi yenye majina ya malaika watatu, ili kumzuia yule mwanamke wa usiku anayekuja kuchukua watoto. Hapa kwetu hakuna aliyehitaji kuelezwa sana. Kila mtu alishajua kwamba nyumba yenye mtoto mchanga hutembelewa. Tulikuwa hatujajua tu jina la mgeni. Babu alipofariki, kazi hiyo ikabaki kwa Bibi Lea, ambaye ndiye aliyenilea. Kila mtoto wa kaya zetu alifungwa uzi na mkono wake, na mimi nilifungwa wa kwangu.

Msiba ulianzia kwa Ruthu. Ruthu alikuwa mkamwana wa Mzee Ezra, binti mchangamfu ambaye kabla ya kuolewa aliuza maharage mpakani Tunduma na kupatana bei na Wazambia bila kumhitaji mtu. Mumewe alikuwa dereva wa malori, wiki nyingi hayupo, hivyo neno la mwisho nyumbani lilikuwa la baba mkwe. Na Mzee Ezra alipenda sana kuwa na neno la mwisho. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wetu wa sala tangu Babu afariki, na kwa kuwa naye aliwahi kufanya kazi migodini Zambia, Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha mwalimu mkuu.

Ijumaa moja, jua likiwa limeshazama, kichanga cha Ruthu kilishikwa na homa, kikakataa ziwa. Bibi aliitwa, nami nikamfuata. Aligusa utosi wa mtoto, akasema mtoto huyu si wa kusubiri, apelekwe hospitali Vwawa sasa hivi. Jirani Mmoraviani alishaleta pikipiki yake uani, injini ikiunguruma. Ruthu alishamfunga mtoto mgongoni. Mzee Ezra akasimama mlangoni, akasema Sabato imeingia na hakuna wa nyumba yake atakayepanda chombo. Bibi alimsihi. Alimkumbusha alichosimulia Babu, kwamba tajiri wake mwenyewe aliwasha gari siku ya Sabato kumkimbiza mpishi aliyeumwa na nyoka. Mzee Ezra alisema hizo ni hadithi za jikoni.

"Mungu tunayemtunzia Sabato atatutunzia mtoto," alisema.

Ruthu alikaa chini polepole, mtoto akiwa bado mgongoni. Jirani alisubiri kidogo, kisha akazima pikipiki.

Mtoto alifariki kesho yake mchana. Sabato ilikuwa bado haijatoka.

Nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mtu aliyeua kwa ukaidi hawezi kulala mpaka ampate mwingine wa kubeba maiti. Mzee Ezra alimpata baada ya miezi michache, na aliyemsaidia, bila kujua, alikuwa mgeni. Habari zetu zilikuwa zimefika ng'ambo, akaja mwalimu kijana mwenye gitaa, mtu mpole, kutoka kwa wale wanaoitwa Wayahudi wa mageuzi. Mzee Ezra ndiye aliyemtafsiria. Jioni moja alimwuliza kuhusu uzi na majina ya malaika. Kijana yule alitabasamu, akasema kwao hayo ni mambo ya mabibi wa zamani, wameshayaacha. Mungu hafungwi kwa uzi. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia nguo iliyopitwa na wakati. Angejua atakachokiacha nyuma, nadhani angemeza maneno yake.

Sabato iliyofuata, mgeni akiwa ameshaondoka, Mzee Ezra alisimama mbele ya watu wote.

"Mmesikia wenyewe kwa mwalimu," alisema, akimtazama Bibi. "Alichofungwa mjukuu wangu hakikuwa cha Mungu. Mama Yakobo, toka. Hatusali na mchawi."

Kwingine neno hilo ni tusi tu. Kwetu ni hukumu, na vikongwe wameshazikwa kwa ajili yake. Tangu siku ile wanawake walifunika watoto wao Bibi akipita. Kisimani walimwachia nafasi kubwa kupita kiasi. Vijana walitupa mawe juu ya bati letu, na shuleni nilikuwa mjukuu wa mchawi, sina jina lingine. Mjomba Yakobo, mwanawe mkubwa, alikuja kutoka Tunduma kumwomba ahamie kwake kabla mambo hayajaharibika. Bibi alikataa. Alisema akihama atakuwa amekubali, na jina hilo litabaki kwetu sisi watoto na wajukuu. Alitaka kusafishwa palepale alipochafuliwa, mbele ya walewale.

Mimi nilitaka zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesikia kwamba majina ya malaika yakiandikwa kinyume humgeukia mtu na kumchoma, nikamwomba Bibi aliandikie boma la Mzee Ezra. Bibi aliendelea kupepeta maharage.

"Majina haya yana kazi moja tu, mjukuu wangu, na kazi hiyo ni mtoto mchanga," alisema. Halafu akaweka ungo chini. "Lakini usidhani nimesamehe. Kinywa kilichonitoa ndicho kitakachonirudisha. Utaona."

Nilikariri maneno hayo kuliko sala zote. Usiniulize kama ni vizuri mtoto kulelewa na kisasi. Mimi kilinilea vizuri tu.

Mwaka uliofuata akaja mgeni wa pili. Huyu alikuwa na ndevu hadi kifuani na koti jeusi lililomtoa jasho njia nzima kutoka barabarani. Alikuwa wa wale Wahasidi, Wayahudi wanaomwabudu Mungu kwa nyimbo na ngoma. Aliimba, akapiga miguu chini hadi vumbi likapanda, na hata Wamoraviani wakaja kuchungulia madirishani. Siku ya Sabato chumba kilijaa. Bibi alivaa kitenge chake kizuri, akajifunga uzi mwekundu, akanishika mkono, akaenda. Hakuingia. Alisimama kizingitini, pale ambapo mtu hayuko ndani wala nje, na mgeni akamwona. Aliona uzi mwekundu mkononi mwake, akaangua kicheko cha furaha, akamsalimia kwa sauti kubwa. Baada ya hapo Mzee Ezra hakuweza kumfukuza bila kueleza sababu.

Bibi akaomba kuuliza jambo. Aliuliza kama uzi ule ni uchawi.

Mgeni alijibu kwa kirefu, Mzee Ezra akitafsiri kwa uso uliokaza. Alisema uzi ni ukingo mdogo tu wa elimu kubwa ya siri za Mungu, iitwayo Kabala, na kwao Wahasidi elimu hiyo ni chakula cha kila siku, hata mchunga mbuzi ana fungu lake. Lakini aliongeza, na kwa hili namheshimu mpaka leo, kwamba Wayahudi hawakubaliani. Wapo Waorthodoksi, Wayahudi washika sheria, wanaosema Kabala ni takatifu lakini si ya kila mtu: mtu ajaze kwanza tumbo lake kwa sheria, aoe, akomae, ndipo aiguse. Wapo wengine, washika sheria vilevile, wanaokikataa kitabu chake kikuu na kusema kilizuka baadaye. Wapo wa kati, kati ya washika sheria na wa mageuzi, wanaoisoma vyuoni kama historia ya wazee wao. Na hao wa mageuzi zamani waliionea aibu kabisa, ila sasa watoto wao wanairudia kidogokidogo, kwa nyimbo na kwa kukaa kimya. Kuhusu uzi wenyewe, hata Waorthodoksi wapo wanaouvaa na wapo wanaouita ushirikina.

"Na wote hao ni Wayahudi?" Bibi aliuliza.

Wote, alisema mgeni. Waliwahi kutengana na kulaaniana kwa ajili ya mambo haya, lakini wote ni Wayahudi.

Nikadhani imekwisha. Tayari ilikuwa tamu: Mzee Ezra ametafsiri kwa kinywa chake kwamba Bibi si mchawi, ni upande mmoja tu wa ugomvi wa zamani. Lakini Bibi hakuwa amekuja kwa ajili ya uzi.

"Mwulize swali la mwisho," alimwambia Mzee Ezra. "Hao wote wasiokubaliana, mtoto akizidiwa siku ya Sabato, na chombo cha kumpeleka hospitali kipo mlangoni, wanasemaje?"

Watu waligeuka. Ruthu alikuwa amekaa upande wa wanawake, karibu na ukuta. Tangu mtoto afariki alikuwa mtu wa kukaa karibu na ukuta. Na Mzee Ezra akalitafsiri swali lile. Kwa miaka nimejiuliza kwa nini hakulipotosha. Jibu ni kwamba hakuogopa. Aliamini kabisa kwamba Sabato ni nzito kuliko vyote, na kwamba hatimaye mtu mwenye ndevu ndefu angemwambia Bibi hivyo mbele ya watu.

Mgeni hakufikiri hata kidogo. Alijibu harakaharaka, akihesabu kwa vidole, akitaja walewale aliokuwa amewataja, na kila kidole akikikunja alitikisa kichwa kwa namna ileile. Mwishoni alikunja ngumi nzima, akamtazama Mzee Ezra, akingoja atafsiri.



Mzee Ezra alifungua kinywa, akakifunga. Mgeni alidhani hakusikia, akarudia polepole zaidi. Kahawia ya uso wa yule mzee iligeuka majivu, na mimi, Mungu anajua, nilikuwa nacheka moyoni hadi mbavu zinaniuma.

"Baba, tafsiri," alisema Ruthu.

Mzee Ezra alitazama chini. Ruthu alisimama. Tulikuwa tumesahau wote kwamba yule alijifunza Kiingereza mpakani, kwenye magunia ya maharage.

"Anasema wote wanakubaliana," Ruthu alisema, bila kupandisha sauti. "Anasema inapasa kwenda. Siyo kwamba inaruhusiwa, inapasa. Anasema anayemchelewesha mtoto akiulizauliza amemwaga damu." Akatazama mikono yake. "Baba, pikipiki ilikuwa inawaka."

Mgeni alikuwa akiuliza kwa Kiingereza nini kimetokea.

Bibi alirudishiwa kiti chake. Mzee Ezra alikuja mwenyewe uani kwetu siku chache baadaye na jogoo, akapiga magoti, akaomba radhi, na jirani zetu wakaona. Bibi alimpokea. Jogoo tulimla, alikuwa mgumu, lakini nilitafuna mpaka mfupa. Mawe hayakutupwa tena juu ya bati letu, wala sikuitwa tena mjukuu wa mchawi. Sala iliongozwa na mtu mwingine. Mzee Ezra alizeeka ghafla, akawa anakaa nyuma, na kila Sabato niligeuka angalau mara moja kuhakikisha yupo nyuma.

Ruthu aliondoka kabla ya kahawa ya mwaka ule kuiva. Walisema yuko Nakonde, upande wa Zambia. Wengine walisema ameenda mbali zaidi. Hakuaga.

Sasa nina duka langu Tunduma, na wakija watu wanaojua nilikotoka huniuliza kama bado naamini uzi. Huwaambia waulize kwanza Wayahudi wenyewe, na wakikubaliana waje wanieleze. Wanacheka, tunaendelea na biashara.

Lakini lipo jambo ambalo siwaambii. Mwaka aliofariki, Bibi akiwa kitandani kwa mjomba, nilimkumbusha siku ile ili kumfurahisha. Nilimwambia maneno yake yalitimia, ila kinywa kilichomrudisha hakikuwa kile alichokitaja. Nilimwuliza kama alifurahi.

"Nilifurahi," alisema. "Mpaka nilipomtazama Ruthu."

Alijua tangu mwanzo kwamba Ruthu hakuwa na hakika. Kwa mwaka mzima yule binti aliweza kuamini kwamba labda hakukuwa na njia, labda Mungu ndiye aliyefunga mlango, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpa usingizi. Bibi alihitaji jina lake lisafishwe, na maji ya kulisafishia yalikuwa kwa Ruthu tu. Aliyachota. Sijui kama angefanya vingine. Mawe yale yangeweza siku moja kuwa moto. Bibi akageukia ukutani.

Mimi siku ile sikumtazama Ruthu. Nilikuwa namtazama Ezra. Nimejaribu mara nyingi, nikiwa peke yangu, kuirudisha picha ya chumba kile na kuugeuza uso wangu uende upande wa wanawake, kwa sababu najua ndiko unakopaswa kwenda. Haugeuki. Bado uko kwa yule mzee, na bado nacheka.