Mshale wa Joto Uliposhuka Baada ya Mwika

Shangazi Ndeshi na dada yake wa Tarakea walikosana kwa sababu ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alishakufa zamani. Dada alipougua, shangazi alikubali kwenda kumwona kwa sharti moja: "Kwake silali. Nitalala kwenye kitanda changu." Ndiyo maana niliazima gari-nyumba la kaka yangu: basi dogo la dizeli alilolitia kitanda, jiko na tangi la maji, halafu injini akamwachia Mungu.

Asubuhi, Kiboriloni, pale Moshi. Shangazi alipanda na mkungu wa ndizi, akakaa mbele kama askofu anayekagua parokia.

Himo hadi Marangu. Kule tambarare kabla ya Himo, mshale wa joto kwenye dashibodi ulitulia katikati. Barabara ilipoanza kupanda, nao ukaanza kuinyemelea alama nyekundu. Nikashusha gia, nikafungua hita hadi mwisho, maana hita huchota maji yaleyale ya moto yanayozunguka kwenye injini na kuipunguzia joto.

"Nje jua, ndani unawasha moto!" shangazi alifoka. "Unataka nifike nimeiva?"

"Bora tuive sisi kuliko injini, shangazi."

Tulipoipita Mwika, mshale ulianguka ghafla hadi chini kabisa. Shangazi akainua rozari: "Bikira Maria amesikia!" Nami nilifurahi, kwa muda wa kona moja. Kisha nikahisi hita inanipuliza baridi miguuni. Tunapanda mlima, injini inanguruma, halafu joto lishuke? Nikaegesha pembeni, nikazima.

"Mshale umeshuka, mbona umesimama?"

"Hauna cha kupima, shangazi. Ule unapima maji, na nadhani maji yameisha."

Alinitazama kana kwamba nimekufuru. Lakini nyuma yetu lami ilikuwa na mchirizi mrefu wa maji.

Tulikaa kando ya migomba hadi injini ikapoa; mfuniko wa rejeta, inayopoza maji ya injini, sikuugusa kabla, maana mvuke huruka na nina uso mmoja tu. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka karibu na kibanio. Nilikata ncha mbovu kwa kisu cha jikoni, nikaurudisha, nikaukaza. Maji tulichota kwenye tangi la nyumba, yale aliyoyatenga shangazi kwa kuoga. Aliyamimina mwenyewe, akinung'unika kwa Kichagga. Sikuomba tafsiri. Nikawasha: mshale ukapanda taratibu hadi katikati, na hita ikapuliza moto.

Tarakea, jioni. Mgonjwa, Mama Aloisi, alitusubiri mlangoni amejifunga shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu kaja na nyumba yake? Yangu inanuka?"

Mama Aloisi akapanda kukagua, akabonyeza godoro, akajilaza. "Panatosha wawili," akasema. Shangazi akavua viatu. Mimi nikaambiwa nikatafute pa kulala kwenye nyumba ya matofali.

Kesho yake tulirudi Moshi watatu, maana mgonjwa alitaka kwenda hospitali amelala. Nilishajifunza kwamba mshale unajua tu maji yanayogusa kipimo chake, na ukianguka bila sababu ni wa kuogopwa kuliko ukipanda. Kwenye mteremko ulishuka kidogo, kwa sababu injini haikuwa na kazi.

"Simama!" Mama Aloisi, aliyesimuliwa usiku kisa cha mshale, aliuona akapiga kelele kutoka kitandani.

Shangazi aliweka kiganja kwenye hita, akahisi moto, akaridhika. "Lala wewe," akamwambia dada yake. "Maji yapo. Huyu dereva nimemfundisha mimi."