Upande wa Bafle ya Kushoto

Mume wangu alirudi kutoka Goma juu ya pikipiki, amekumbatia furushi la sponji kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nilikuwa nimemtuma mabati ya zizi la ndama. Ndani ya sponji mlikuwa na ampli ndogo ya kukuza sauti na bafle mbili, spika za mbao, vyote vimekwisha kutumiwa na wengine.

"Sasa ndama zitalala ndani ya muziki?" nilimuuliza.

"Usikie kwanza, mama."

Akaunganisha nyaya kwenye batiri ya pano ya umeme wa jua, kisha akachomeka kle yangu ya USB. Humo mlikuwa na nyimbo za kwaya ya Kibabi, zilizorekodiwa kwenye kaseti siku ya sikukuu nilipokuwa bado mtoto. Mama yangu alikuwa kati ya waimbaji. Alifariki tulipokuwa tumekimbia vita, na hatukubaki hata na picha yake. Katika simu yangu nyimbo zile zilitoka zimebanana, huwezi kujua nani ni nani.

Safari hii sauti zilitoka zimeachana. Wanaume walisimama kulia. Kushoto kulikuwa na mwanamke mmoja, sauti ya juu, safi, na kabla ya kila mstari nilisikia akivuta pumzi. Nilikuwa nimeshika bidoni ya maziwa. Niliposhtuka, maziwa yalikuwa yananimwagikia miguuni.

Papa yangu, anayekaa kwetu, alitoka chumbani na kiatu kimoja.

"Nani anaimba humu?"

"Kwaya ya Kibabi, Papa."

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono juu ya bafle ya kushoto.

"Mama yako iko hapa," akasema.

Tangu hapo, kila jioni baada ya kukamua, alikuja na kiti chake akaketi upande huo. Kaka yangu wa Goma alipiga simu, akataka kututumia bafle kubwa kama zile za nganda, baa za mjini, zinazotikisa dirisha. Mume wangu alitamani sana. Papa akakataa: "Makelele itamufunika."

Kisha njia ya Walikale, iliyokuwa imefungwa na vita, ikafunguka, na mama mdogo, mdogo wake mama, akaja kututembelea. Tulimkalisha karibu na Papa, tukamwekea wimbo. Alicheka, mkono mdomoni. Alipoona nyuso zetu, kicheko kikakatika.

"Shemeji, ile sauti njo yangu mimi, si ya dada."

"Hapana," Papa alisema.

Mama mdogo hakubishana. Aliimba pamoja na bafle. Sauti yake sasa inakwaruza, lakini pumzi ilikuwa ile ile, mahali pale pale. Jioni zote hizo tulikuwa tumemlilia mtu aliye hai, anayelima mihogo Walikale!

"Basi mama iko wapi?" niliuliza.

"Kulia, chini ya wanaume. Dada alipenda kuimba chini. Rudisha. Mungojee pale wanaume wananyamaza."

Hatukusikia kitu. Mume wangu akarudisha tena, akapunguza sauti badala ya kuongeza, nasi tukainama hadi vichwa vyetu vikagusana. Ndipo ikaja: nzito, ya chini, karibu kama mtu anayesema tu. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe ninapoita ng'ombe.

Papa alivua kofia akafunika macho.

"Nimesahau sauti ya muke wangu," alisema. "Mimi! Nimemusahau."

"Si umemupata, shemeji?" mama mdogo akamwambia polepole.

Papa aliinuka, akachukua kiti chake, akakihamishia kulia. Mama mdogo alibaki kushoto, akiimba na sauti ya usichana wake.

Kaka alipopiga tena juu ya zile bafle kubwa, mume wangu ndiye aliyejibu kabla yangu:

"Aksanti, shemeji. Hizi zinatosha."