Hodi ya Pili

Ipo siku moja, mdogo wangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja vyangu vinatoa jasho. Najua utacheka: kaka yako hana hata unywele mmoja mweupe na tayari anatoa nasaha. Cheka tu, lakini soma. Unakuja kusoma huku Texas, na jambo hili sitaki ulijue kwa njia niliyolijua mimi.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya historia hapa Dallas, na kazi niliyopata ilikuwa ya kutembeza wageni kwenye nyumba ya kale. Aliijenga mfanyabiashara wa pamba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati reli zilipofika na watu wakatajirika haraka kuliko walivyojua la kufanya na utajiri wenyewe. Kila kilichovumbuliwa alikitaka: taa za umeme, kengele ya umeme mlangoni, simu ya ukutani ingawa mjini hakukuwa na watu wengi wa kuwapigia. Wageni huipenda ile simu. Mimi nilipenda sinia dogo la fedha lililokaa karibu na mlango.

Kwenye sinia hilo watu waliacha kadi zenye majina yao. Mwanamke wa tabaka lile hakuingia tu kwa mwenzake. Alimpa mtumishi kadi, na mtumishi aliweza kurudi akasema bibi hayupo, hali bibi yuko juu anachungulia kwenye pazia. Hakuna aliyekasirika. Ukikunja pembe ya kadi, maana yake ulifika mwenyewe, hukutuma mtu. Basi, adabu imetimia, kila mtu anarudi kwake.

Mama Salome, nesi Mkenya niliyepanga chumba kwake Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, alikuja kutembezwa pamoja na akina mama wa kanisa lake. Nilipoeleza habari za sinia alicheka mpaka akashika ukuta, na kuta za pale haziguswi.

"Ati yuko ndani na anasema hayuko? Na hawa ndio walikuwa na pesa?"

Hazikupita siku nyingi, baba yake Deo akafariki Morogoro. Deo nilisoma naye, na alikuwa anaishi peke yake DeSoto, mji jirani. Karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado zinashughulikiwa, na mwanasheria alimwonya kwamba akitoka nchini huenda asirudi. Kwa hiyo baba alizikwa, mwana akatazama kwenye simu. Baada ya hapo akanyamaza. Hakupokea simu za mtu. Meseji zangu alizisoma asijibu.

Unakijua kichwa changu. "Pole sana" inatosha, au ni baridi mno? Nikienda nitamsumbua? Huku watu wanapenda kuachwa wapumue, labda naye ameshakuwa wa huku. Mwishowe nilipika wali na maharage, nikaendesha gari hadi kwake, nikakaa kwenye maegesho nikifanya mazoezi ya maneno ya kusema, ndipo nikapanda ngazi. Mlango wake ulikuwa na kengele yenye kamera na spika. Nikabonyeza mara moja. Nikaitabasamia kamera, halafu nikajiuliza ni nani anayetabasamu msibani. Kimya. Nikaning'iniza mfuko wa chakula kwenye kitasa, nikamwandikia meseji kwamba nilipita, nikashuka haraka.

Mama Salome alikuwa anavua viatu vya kazi nilipomsimulia.

"Kwa hiyo uliacha kadi."

"Chakula, mama."

"Kadi. Na pembe ukaikunja. Washa gari."

"Labda hataki watu."

"Mwanangu, kwani nani hutaka watu akifiwa? Watu wanakuja tu. Washa gari."

Tulipofika, mfuko ulikuwa bado unaning'inia. Hapo ndipo nilipoona woga wa kweli, ule ambao mawazo yangu yote madogo yalikuwa yanauficha: kwamba huenda ndani hakuna tena wa kufungua.

Mama Salome hakuigusa kengele. Aliupiga mlango kwa kiganja. "Hodi! Deo! Hodi hapa!"

Kimya. Akapiga tena. Mlango wa jirani ukafunguka kidogo, ukafungwa. Mimi nikaanza kuona kichwani gari la polisi, karatasi za Deo, karatasi zangu, ndege ya kuturudisha sote.

"Mama, wataita polisi."

"Si waje. Na wao watampa pole."

Ndipo kengele ikazungumza, kwa sauti ya Deo iliyokwaruza. "Shikamoo mama. Siko vizuri. Njooni siku nyingine."

"Marahaba. Hatukuja kuona mtu yuko vizuri." Akajishusha kwenye ngazi, mkono mmoja kwenye goti. "Sisi tunakaa hapa. Huyu mwenzako amepika wali, nasikia haukuiva. Tutaula hivyo hivyo."

Kengele ikatoa mlio ambao haukuwa kilio wala kicheko. "Huyo hajawahi kuivisha," ikasema.

Kisha nikasikia kufuli likizunguka.

Tulikaa sakafuni. Mama Salome alipasha chakula moto, Deo akala kidogo, akalia, akatueleza jinsi baba yake alivyokuwa akipiga pasi mashati yake mwenyewe. Tulipokuwa tunaondoka alinivuta pembeni.

"Nilikuona mchana," aliniambia. "Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Nikajisemea, akibonyeza tena nafungua."

Nilimkumbatia, ndipo tukashuka ngazi.

Mdogo wangu, nyumbani tulifundishwa kupiga hodi mara tatu ndipo tuondoke. Yule tajiri wa pamba alikuwa na kengele, simu na umeme, na bado alihitaji sinia la kuwakinga watu wasimfikie. Mimi na wewe tunavyo vyote hivyo mfukoni, sinia likiwemo. Kwa hiyo nakusihi: kichwa kikikuambia unasumbua, kisikilize, halafu bisha tena. Kwa mfiwa na kwa mgonjwa, afadhali mwenyewe akufukuze kwa kinywa chake kuliko wewe ujifukuze kwa niaba yake. Woga hauishi, sikudanganyi. Mimi bado nakaa kwanza kwenye gari. Lakini nashuka.

Mungu akufikishe salama. Akupe watu wa kuwabishia hodi, na siku utakayosimama nyuma ya mlango wako mkono ukiwa kwenye kitasa, akuletee mtu asiyejua kuondoka mapema.